Mbaazi Ndani ya Mfuko wa Letwa

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Njiru imeingia hadi kwenye meno. Magoti yanaongea. Bwana Ondiek wa kampuni ya Letwa amenipigia simu kabla sijawasha jiko. Mtu anayepiga simu kabla ya chai hana habari njema.

Ati watu wamelalamika. Watu gani? Wateja wangu mwenyewe! Wanabonyeza nyota kwenye simu, na stesheni yangu ya mizigo ndiyo yenye nyota chache kuliko zote za Kangundo Road. Akanisomea. Mmoja ameandika kwamba alikuja kuchukua chaja, akapewa sahani ya githeri, akaondoka jua limezama. Mwingine, kwamba mhudumu ni mzuri lakini alimuuliza ataoa lini, mbele ya watu. Mwingine, kwamba alivalishwa sweta ya mhudumu na kukatazwa kuivua.

Nikamuuliza Ondiek malalamiko yako wapi hapo. Kijana alikuwa anatetemeka! Ondiek akakohoa. Nikamuuliza hicho kikohozi kimeanza lini. Akasema turudi kwenye mada.

Ati kazi ya stesheni ni rahisi. Mteja anachagua kitu kwenye simu. Oda inaingia godauni, kule Industrial Area. Watu wa godauni wanatoa kitu kwenye rafu, wanakifunga kwenye mfuko wa manjano, wanabandika stika yenye mistari myeusi. Munyao analeta mifuko kwa pikipiki. Mimi naelekeza simu kwenye ile mistari, mteja anapata ujumbe wenye namba. Anakuja, ananionyesha namba, nampa mfuko, anaenda.

Anaenda. Hilo neno alilirudia. Yaani nimeajiriwa kufukuza watu.

Jumamosi anakuja kukagua. Asiporidhika, bango linang'olewa kwangu na kuhamia ng'ambo ya barabara, kwa Wacuka. Wacuka ana duka la kutuma pesa kwa simu. Lina kioo, lina taa ya kumetameta, lina kiti kimoja na amekikalia yeye. Kumbe ameshaomba bango! Mwezi mzima ananisalimia na kuniita dada, na huku ameomba.

Shajara, wewe najua hutasema. Shule mimi sikuiona. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, ndiyo maana nikiandika haraka nataka kuimba. Leo siimbi. Leo nimeingiwa na hofu, na sipendi hofu kabla ya chakula.

Kabla ya bango hilo niliuza vitunguu na makaa. Mtu ananunua kitunguu, anaenda. Nani anakaa kuongea juu ya kitunguu? Lakini mzigo! Mtu akipata mzigo hawezi kungoja. Anaufungulia hapa hapa, kwenye benchi langu. Wasichana wanavaa gauni jipya juu ya suruali na kuniuliza, shosh, imenikaa? Ikiwa haijawakaa nawaambia. Mimi ndiye kioo chao, na kioo changu kinasema ukweli. Nyamai, yule kijana mrefu wa ploti ya kijani, alifungulia hapa suti ya kwenda kuomba kazi. Nilimfunga tai. Nilimwambia anafanana na mtu anayejua anachofanya. Akaandikwa kazi! Ondiek hana nyota ya hiyo.

Bango likienda kwa Wacuka, watu watabeba mifuko yao wakaifungulie nyumbani, peke yao, mlango umefungwa, kama wezi. Na mimi nitabaki na vitunguu.

Halitaenda. Nina mpango. Kuanzia kesho, Susu Ndindi, bibi wa mtaa mzima, haongei. Nitasema "namba?" na nitasema "haya." Basi. Ondiek akija atakuta mashine.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umeanza vizuri. Umeisha vibaya.

Wa kwanza alikuwa Nyamai. Akaja na niaje yake, ati niaje shosh, umeamkaje, magoti je? Nikasema, namba? Akanitazama kama mtoto aliyechapwa bila kosa. Akaonyesha namba. Nikampa mfuko. Nikasema, haya. Akauliza kama amenikosea. Nikasema, haya. Akaenda hadi kona, akasimama, akarudi, akaweka ndizi mbili juu ya meza, akaenda tena. Roho iliniuma! Lakini mashine haina roho.

Kabla ya saa sita mtaa wote ulikuwa umejua kwamba Susu Ndindi amepatwa na kiharusi na ulimi umekwama kwenye neno "haya."

Wamama wa kanisa wakafika. Wote. Wakajaza benchi, wakajaza mawe ya mbele, wakaanza kuombea ulimi wangu. Wateja hawakupata pa kupita. Mmoja alikuwa na haraka ya kwenda kazini, akapewa mkono wa kushika, akaomba naye hadi mwisho. Ningewaambia nini? Ningesema sina ugonjwa, ningevunja mpango. Nikasema, haya. Wakalia zaidi.

Halafu nani anavuka barabara? Wacuka. Leso kichwani, uso wa msiba, na thamosi mkononi. Chai ya maziwa, tangawizi ndani. Akawatangazia watu kwamba dada yake Ndindi asiwe na wasiwasi, apumzike, yeye atanishikia hiyo kazi ya mizigo bila shida yoyote, hata ikiwa ni milele.

Hata milele!

Ulimi ukafunguka. Nilimwambia kwamba hata kaburini nitashuka na simu yangu mkononi, nikiwapigia malaika picha za mistari. Nilimwambia taa ya duka lake inameta kama jicho la mwongo. Nilisema mengine. Wamama wakaruka na kupiga vigelegele, ati muujiza, ati ulimi umerudi na nguvu kuliko mwanzo.

Wacuka alicheka hadi akashika mbavu. Akanimiminia chai.

Ilikuwa tamu. Nachukia jinsi ilivyokuwa tamu.

Sasa nina thamosi yake hapa mezani. Haiwezi kurudi tupu, hilo hata yeye Mkikuyu analijua kama mimi Mkamba. Kitu kikija kwako na kitu, kinarudi na kitu. Sisi wawili tulianza hivyo mwaka aliofiwa na mumewe. Nilimpelekea sufuria ya muthokoi wa mahindi, akarudisha sufuria ina mukimo wa viazi, nikarudisha sahani yake ina maembe, na mpaka leo hakuna chombo chake kilicholala kwake wala changu kilicholala kwangu. Kikombe changu kizuri sijakinywea tangu uchaguzi.

Nimejaza thamosi uji wa wimbi. Mzito. Ahangaike kuiosha.

Jumatano, 16 Julai

Thamosi imerudi ina supu ya kichwa cha mbuzi. Mwanamke huyu hachoki.

Lakini leo nimepata mpango wa kweli. Ule wa jana ulikuwa wa kijinga, sijui nani aliufikiria.

Munyao alipoleta mifuko asubuhi nilimchunguza kwa ujanja. Munyao ni mtoto wa kwetu, wa Machakos, moyo mweupe, akiulizwa kitu anajibu chote. Nikamuuliza Letwa wanapenda stesheni ya namna gani. Akasema wanapenda yenye mizigo mingi, susu. Ukiwa na mizigo mingi hakuna wa kukugusa. Akawasha pikipiki. Pengine alikuwa bado anaongea, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nililotaka.

Mizigo mingi! Si naweza kuagiza mimi mwenyewe? Pesa hulipi mpaka uchukue mzigo. Na mzigo usipochukuliwa unarudi godauni. Basi nani ameumia?

Nikakaa na simu. Nikatumia majina ya kwaya yetu, maana yote nayajua kwa sauti zao. Sauti ya kwanza nikawaagizia sufuria. Sauti ya pili, mapazia. Kaluki wa sauti nzito nikamwagizia beseni la kuogeshea mtoto, na Kaluki ana wajukuu wenye ndevu. Mwongeli, yule anayechelewa mazoezi kila wiki, nikamwagizia saa ya ukutani. Hiyo ilikuwa ya kumfunza. Nikaagiza miavuli. Nikaagiza kitu chenye miguu mitatu ambacho sikukielewa lakini kilikuwa na sura ya heshima.

Kila nikibonyeza, simu inaniandikia: Asante, oda yako imepokelewa. Nani mwingine amenishukuru leo? Nikabonyeza tena.

Nimelala vizuri mchana. Magoti yamenyamaza.

Alhamisi, 17 Julai

Zimefika!

Munyao alilazimika kuja mara mbili. Mifuko ya manjano imepanda kutoka sakafuni hadi kwenye picha ya ubatizo. Beseni halikuingia mlangoni, likakaa nje kama gari. Watu wakasimama kuangalia. Wacuka akatoka, akajifanya anapangusa kioo. Alipangusa sehemu moja mpaka nikafikiri kitatoboka. Nikampungia mkono. Nikamwambia kwa sauti kazi ni nyingi dada, hata sijui nitalala lini. Akasema Mungu ni mwema. Alisema kama mtu aliyeuma ndimu.

Hiyo ndiyo dakika niliyokuwa tajiri.

Munyao akanyosha mgongo, akauliza hawa watu wote wa kwaya watakuja kuchukua lini. Nikamwambia, kwa kuwa ni mtoto wa kwetu, kwamba hawatakuja. Kwamba ni mpango. Nikamweleza wote, nikicheka.

Hakucheka. Akakaa juu ya beseni. Akasema, susu, jana sikumaliza kuongea. Ati mizigo mingi wanaipenda ikichukuliwa. Mzigo ukirudi bila kuchukuliwa ni alama mbaya kwa stesheni, kila mmoja alama yake. Na hii ikirudi yote kabla ya Jumamosi, Ondiek hatahitaji hata kushuka kwenye gari.

Woi.

Nilimuuliza kwa nini aliwasha pikipiki kabla ya kumaliza sentensi. Akasema alimaliza, ni mimi niliyeingia ndani nikiimba.

Nikakimbilia kwaya. Kaluki akasema beseni ni tusi, akafunga mlango, akafungua tena kuniuliza ni la rangi gani, akafunga. Mwongeli alisema angekuja kuiona saa lakini amechelewa mahali. Nyamai, Mungu ambariki, alichukua mwavuli na kuulipia, na mvua hakuna. Akauliza kile cha miguu mitatu ni cha nini. Nikamwambia ni cha watu wanaojua wanachofanya. Hakukichukua.

Basi lazima mizigo irudi, maana hakuna wa kuilipia. Nikaipanga karibu na mlango Munyao aichukue alfajiri. Nikaitazama. Nikaona aibu.

Maana kuna watu kule godauni. Munyao ameniambia, wengi ni wamama, wamesimama kwenye sakafu ya simiti na baridi hii, wakinitafutia mapazia kwenye rafu, wakinikunjia, wakinifungia na kubandika stika bila kukunjamana hata mahali pamoja. Walinifungia vizuri sana! Na mimi nawarudishia mifuko yao bila kitu cha asante ndani, kana kwamba hawajafanya kitu? Nilizaliwa na nani?

Dada yangu wa Makueni alinitumia gunia la mbaazi mbichi, zile tunaita nzuu. Nilikaa nikazimenya hadi vidole vikawa kijani. Nikafungua kila mfuko, nikatia mbaazi kwenye sufuria, kwenye mikunjo ya mapazia, nyuma ya saa, ndani ya miavuli. Beseni nikalijaza nusu, nikafunika na gazeti. Nikafunga yote upya kwa selotepu.

Ondiek akisikia stesheni yake ina adabu namna hii, hata alama mbaya atazifuta. Kumbe huu ndio uliokuwa mpango tangu mwanzo, ni mimi tu sikuuona.

Ijumaa, 18 Julai

Ondiek amepiga simu. Hakusema asante.

Ati kitu kikirudi godauni kinapanda kwenye mizani, na mizani inajua kilitoka na uzito gani. Uzito usipolingana, mashine inapiga kelele na ule mkanda wa mpira unaobeba mizigo unasimama. Beseni lilipiga kelele. Sufuria ikapiga kelele. Mapazia yakapiga kelele. Askari wa mlangoni akaitwa aangalie kama ni kitu cha hatari. Akafungua mwavuli.

Zilimwagika. Zikaingia chini ya mkanda, zikaingia kwenye magurudumu, mtu mmoja akateleza akakalia stika akabandikwa. Oda za Nairobi nzima zikasimama mpaka zilipookotwa. Ati kuna mteja wa mtaa wa Karen amefungua mzigo wake wa manukato akakuta mbaazi.

Nikamuuliza kama aliumia, yule aliyeteleza. Akasema hapana. Nikamuuliza kama mbaazi ziliokotwa zote au zilitupwa. Akasema wamama wa kufunga mizigo walizichukua. Nikasema, ahaa.

Akasema hakuna ahaa. Kesho anakuja, na anakuja na bisibisi.

Nimekaa kwenye benchi langu peke yangu jioni yote. Nimelipapasa ubao. Hapa ndipo msichana mmoja alifungua viatu vya harusi, akanikanyagia mguu akijaribu kutembea, tukacheka mpaka visigino vikang'oka. Wacuka ameona sijawasha taa. Akavuka na sahani ya viazi, akaiweka, akakaa. Hakusema kitu juu ya bango. Tukala. Akasema mbaazi zangu mwaka huu ni tamu, zile nilizomrudishia kwenye thamosi juzi. Nikasema najua.

Akishinda, hata kumchukia sitaweza vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Lakini bado nina usiku mmoja, jiko moja, na nusu gunia.

Jumamosi, 19 Julai

Mpango ulikuwa mwepesi: Ondiek akila, hawezi kung'oa. Nani ameshiba kwako akakung'olea kitu?

Nikapika mbaazi na nazi kidogo na viungo. Nikapika muthokoi. Harufu ilifika barabarani, hata mbwa wa jirani alikaa vizuri.

Ondiek alishuka. Mwembamba! Shati limening'inia kama liko kwenye kamba. Nikasahau hasira. Nikamuuliza nani anampikia. Akasema amekuja kikazi, mama, akatoa bisibisi. Nikamwambia aketi. Akasema hawezi. Nikamwambia hata kuonja. Akasema sheria ya kampuni hairuhusu mkaguzi kula stesheni. Kuna mtu alikaa akaandika sheria hiyo! Sijui mama yake yuko wapi.

Akapanda kiti. Skrubu ya kwanza. Watu wamejaa. Nyamai akamwambia, boss, huyu shosh ndiye alinifunga tai siku ya interview, usimfanyie hivyo manze. Ondiek akasema anaelewa, lakini mfumo hauna mahali pa kuandika tai. Skrubu ya pili. Msichana mmoja akaanza kulia. Nilimwambia anyamaze, vipodozi vitaharibika, bado anavilipia pole pole.

Bango likatoka. Nyuma yake ukuta ni msafi, wa bluu kama siku niliyoupaka.

Nilitaka kulia lakini niliona Ondiek anaichungulia sufuria yangu, halafu anatazama chini. Njaa! Au aibu. Ikanijia. Sheria inasema hawezi kula stesheni. Na sasa hapa si stesheni tena, bango si ameling'oa mwenyewe? Nikamwambia hivyo. Nikachukua bakuli langu lenye maua, lile kubwa, nikajaza mbaazi, nikafunika na sahani, nikafunga na leso, nikaweka kwenye kiti cha gari na kufunga mkanda. Bakuli, si yeye. Nikamwambia akale na watu wa nyumbani kwake na wale wamama wa godauni.

Halafu akavuka barabara kumwekea Wacuka bango.

Wamefikiri nimekuwa mpole. Wajinga! Bakuli langu liko kwa Ondiek. Bakuli likienda, mtu lazima arudi. Na akirudi, nitakuwa nimefikiria kitu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisa. Kaluki ameuliza tena lile beseni lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia waridi. Akasema si ungesema.

Jumatatu, 21 Julai

Siku ya kwanza ya Wacuka. Nimekaa na vitunguu vyangu nikitazama mahali pengine. Mahali pengine pote panaelekea dukani kwake.

Alikuwa ameandaa kila kitu. Kaunta imefutwa, kalamu imefungwa kamba, yeye amesuka nywele. Munyao akaleta mifuko kwake, akanitazama kama aliyesaliti taifa. Nikampungia. Mtoto anatafuta riziki.

Wateja wakaingia, namba, mfuko, wakatoka. Haraka! Ondiek angelia kwa furaha. Hakuna aliyeulizwa kitu. Nilihesabu vitunguu nisione.

Halafu kivuli kikaanguka kwenye meza. Nyamai. Mfuko wa manjano mkononi, haujafunguliwa. Ati niaje shosh, nimeagiza shati, sogea nikae. Nikamuuliza kwa nini hakufungulia kule. Akasema kule utafungulia mbele ya nani?

Nyuma yake msichana wa vipodozi. Nyuma yake mwalimu wa nasari na sanduku kubwa. Wote wamechukua kwa Wacuka, wote wamevuka barabara wakiangalia kulia na kushoto kama watoto wa shule, mizigo kifuani. Benchi likajaa. Shati la Nyamai halikumkaa, nikamwambia. Mwalimu alikuwa ameagiza pazia, amepata shuka, akasema hata hivyo alihitaji shuka. Githeri ikaisha sufuriani.

Mpaka jioni sikuuza kitunguu hata kimoja, watu walikuwa wamevikalia.

Taa ya Wacuka ilipozimwa, naye akavuka. Amechoka. Miguu imevimba. Ati kazi hii ni ya namba tu na haya, namba na haya, hakuna hata mtu wa kumtukana kidogo. Alikuwa na mfuko wake mwenyewe chini ya kwapa. Ameagiza viatu. Akakaa, akanyosha mguu, akaniuliza nimwambie ukweli.

Nilimwambia. Vinamkaa vizuri. Nilimeza ndimu kubwa kuliko yake.

Jumanne, 22 Julai

Simu imelia. Ujumbe wa Letwa: Mpendwa mteja, mzigo wako umefika. Fika stesheni na namba yako.

Mzigo gani? Mimi sijaagiza kitu tangu dhambi za kwaya.

Nikavuka. Wacuka akanikalisha kwenye kile kiti kimoja, akaniuliza magoti, akaniuliza dada wa Makueni, akaniwekea chai. Watu nyuma wamepanga mstari hadi nje, wanagongagonga mlango. Nikamwambia atalalamikiwa. Akasema, si wakuje na wao wakae? Nikamwambia hakuna viti. Akasema ataleta benchi. Benchi! Kila kitu changu ananiiga.

Mzigo ni mfuko wa manjano, umefungwa vizuri, stika haijakunjamana hata mahali pamoja. Mimi nikarudi kwangu kuufungulia, watu wote wakanifuata, hata wa kwenye mstari, na Wacuka nyuma yao amefunga duka mchana kweupe.

Ni bakuli langu lenye maua! Ondiek alilipeleka godauni, wakalibandika stika na namba, wakalipandisha kwenye mkanda kama oda ya mtu yeyote. Ndani kuna majani ya chai. Kuna sabuni ya kipande, kiberiti, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na pakiti ya chumvi. Wamama wa godauni, kila mmoja na chake. Mmoja ameandika kwenye kipande cha kasha kwamba yeye ni wa Kitui na hakuwa amekula nzuu tangu mama yake alipokufa. Chini kabisa, chapati zimekunjwa ndani ya karatasi ya kampuni. Mke wa Ondiek ameandika kwamba mume amekula sahani mbili, na anaomba kujua zinapikwaje.

Na kwenye stika wameandika uzito. Wa bakuli na vilivyomo, sawasawa. Mizani haikupiga kelele.

Nililia kidogo. Wacuka akasema ni vitunguu. Ndiyo, ni vitunguu.

Ile leso ya bakuli nimeikunja. Chapati tumegawana, Nyamai amepata iliyovunjika. Mkondo huu wa mambo unanionyesha wazi kabisa kwamba sikukosea popote. Adabu ilifika, adabu imerudi. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo nimeiona: mbaazi. Ni nzito, ni duara, zinakimbia. Nani anatuma kitu cha duara kwenye magurudumu?

Bakuli haliwezi kurudi tupu. Na Ondiek akiguswa mara ya pili bango litarudi lenyewe likitembea. Nimemuita Munyao apite alfajiri. Wacuka ameniazima kuku wake wanaotaga vizuri, hajui ni kwa nini.

Safari hii natuma mayai. Ni mepesi, mizani haitayasikia.